Mguu Sawa

Barua ilifika kutoka posta ya Arua
imekunjwa mara nne kama hirizi.
Binti yangu Ayikoru akaisoma Kiingereza chake taratibu,
akanyamaza, kisha akatafuta njia fupi:
"Baba, wanasema mguu ni sawa."

Mguu sawa!
Nusura nisimame wima kama mlingoti.

Bodi imepima. Bodi imeona mguu wa kulia
hauna kasoro. Dai limekataliwa.
Nikautazama mguu wa kulia.
Kweli hauna kasoro.
Umenibeba peke yake miaka kumi na tisa
kama mke mkubwa anayelea watoto wa mwenzake.

Kushoto ndiko hakuna kitu.
Kushoto kuna gogo la mvule alilochonga fundi wa Ediofe,
na ukanda wa tairi,
na usiku vidole vitano visivyokuwepo
huniwasha hadi nakuna shuka.

"Zimebaki siku kumi na moja," alisema wakili.
Ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la simiti,
ngazi ishirini na mbili. Nilizihesabu,
kama mdaiwa ahesabuvyo siku.
Candiru jina lake. Kwa lugha yetu
jina hilo lina taabu ndani.
Hakuniita mzee. Hakuniita shujaa.
Aliuliza, "Namba ya jeshi?"
Nikaitema yote bila kupumua,
mimi nisiyekumbuka mwaka aliozaliwa kitindamimba wangu.

Nilianza kueleza kwa Kilugbara, maneno yakagoma.
Lile bomu halikunilipukia kwa lugha ya mama.
Nikarudi kwenye Kiswahili cha kambini,
Kiswahili cha amri, cha matusi, cha njaa,
kisicho na adabu ya Unguja,
lakini ndicho kilichokuwa nami kwenye zile nyasi.
Naye akakiandika kwa Kiingereza.
"Nirudishie," nikasema, "nisikie kama hakikulowa njiani."
Akanirudishia. Kilikuwa kikavu.

Halafu akaweka kalamu chini.
"Afande, barua haikusema uongo.
Daktari aliandika kulia. Ni neno moja."

Neno moja!
Kuruti akikosea kushoto na kulia
hulala bila kula.
Daktari wa bodi akikosea,
anayelala bila kula ni mimi.
Nikacheka, nikacheka,
hadi mwenye simiti akagonga dari kwa ufagio.

"Nani aliuzika?" akauliza.
Sikuwahi kuulizwa hilo na mtu.

Abiriga. Mpishi wa kikosi.
Siku hizi anauza mihogo Koboko, jicho moja lina ukungu.
Alikuja na basi la alfajiri, nauli ya wakili,
akaapa, akabonyeza gumba kwenye wino:
"Nilizika mguu na buti lake. La kushoto.
La kulia nilimrudishia mwenyewe.
Nilidhani atauza."

Nani angenunua buti moja?
Lilikuwa nyuma ya mlango,
kuku wametagia humo vizazi vitatu.
Candiru akalipokea kwa mikono miwili,
akakung'uta manyoya,
akalifunga karatasi kwenye kamba: Kielelezo cha Pili.

Rufaa imepokelewa. Muhuri upo,
wa zambarau, umepinda kidogo.
Kampala wanasema tungoje.
Wakili hakuniahidi kitu,
na kwa hilo namwamini.

Jana usiku vidole vya kushoto viliwasha tena.
Sikukuna. Niliviambia polepole,
kama afande wa gwaride
anayewaonea huruma watu wake juani:
mguu pande.
Pumzikeni.
Mwenzenu ametangulia Kampala,
ana kamba shingoni na harufu ya kuku,
anakwenda kuwasemea.